Mwache Mtoto Alitafute Kosa Mwenyewe

WAHENGA hawakukosea waliponena kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo tumezoea kuitumia tunapozungumzia adabu mezani, heshima kwa wakubwa na marafiki wabaya wa mtaani. Siku hizi, msomaji mpendwa, inafaa pia kwa jambo ambalo wazee wetu hawakuliona: mtoto aliyeketi mbele ya kompyuta, mkono kwenye kipanya, uso umemkunjamana kwa sababu programu aliyoiunda haifanyi anavyotaka.

Mijini mwetu, shule zikishafungwa tu, matangazo ya madarasa ya likizo huanza kubandikwa kwenye malango ya mitaa na kutumwa katika simu za wazazi. Mzazi huahidiwa kwamba mwanawe atafundishwa kuunda michezo ya kompyuta. Basi hujinyima hiki na kile, akalipa, kisha akangoja. Baada ya majuma mawili mtoto hurudi na mchezo wa kupendeza. Paka anaruka, puto zinapasuka, alama zinahesabiwa. Mama hufurahi, baba akawaonyesha wenzake kazini.

Lakini hebu mwambie mtoto huyo, "Mfanye paka aruke juu zaidi kidogo." Wengi hukodoa macho tu. Mchezo si wao. Mwalimu aliuonyesha ubaoni kipande baada ya kipande, nao wakanakili kama tulivyokuwa tukinakili ramani ya Afrika enzi zetu. Palipotokea kosa, mwalimu aliinama, akashika kipanya, akalirekebisha kwa sekunde tano, akaenda kwa mtoto mwingine. Mtoto alipata mchezo, akakosa elimu. Na lililo baya zaidi, alijifunza kwamba yeye akikwama, dawa ni kumwita mtu mwenye akili zaidi.

Katika ukumbi huu leo tutatazama namna mtoto anavyoweza kutatua tatizo la programu kwa akili yake mwenyewe katika lugha ya Scratch. Tutaona pia kwamba mzazi asiyejua lolote kuhusu kompyuta anaweza kumsaidia vizuri, pengine hata kumshinda mzazi ambaye ni mtaalamu.

LUGHA YA VIPANDE

Kwa wale wasioifahamu, Scratch ni lugha ya kuipa kompyuta amri ambayo haiandikwi kwa maneno marefu yenye alama za ajabu. Amri zake ni vipande vya rangi vinavyokokotwa kwa kipanya na kushikanishwa kama vile watoto wanavyoshikanisha matofali yao ya plastiki. Vipande vya buluu ni vya mwendo, vya zambarau ni vya sura, vya manjano ni vya kuanzisha shughuli, vya kijani ni vya hesabu na kulinganisha. Kando kuna jukwaa ambapo wahusika hucheza, na mhusika wa kwanza anayekukaribisha ni paka wa rangi ya machungwa. Ukibofya bendera ya kijani, mchezo huanza. Ukibofya alama nyekundu yenye pembe nane, kila kitu husimama.

Lugha hii iliundwa katika chuo cha MIT nchini Marekani na kundi lililoongozwa na Profesa Mitchel Resnick, ikatolewa kwa umma mwaka wa 2007. Toleo la tatu lilitoka Januari 2019, nalo ndilo lililoiwezesha kutumika katika tableti pamoja na kompyuta. Ililengwa kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Wadogo wao, wa miaka 5 hadi 7, wana ndugu yake, ScratchJr. Haina malipo yoyote, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha ambazo mtoto anaweza kuchagua vipande vyake viandikwe.

Tena si jambo la kigeni tena kwetu. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule zetu za msingi na sekondari. Kwa hivyo hata mzazi anayedhani kwamba mambo haya ni ya watoto wa matajiri, ajue kwamba yanabisha hodi mlangoni pake.

Sasa shika jambo hili moja, kwa maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Katika lugha za maandishi, mwanafunzi akisahau nukta au mabano, kompyuta humkatalia na kumwonyesha mstari uliokosewa. Katika Scratch hakuna nukta ya kusahau. Vipande vina maumbo, na kile kisichofaa mahali fulani hakiingii. Matokeo yake ni kwamba programu ya mtoto itakubali kuanza karibu kila mara, hata kama imekosewa. Scratch haigombi. Inatii. Inafanya ulichosema, wala si ulichokusudia. Makosa yanayosalia ni yale ya fikira pekee, na hayo hakuna mashine itakayomwonyesha mtoto. Lazima ayasake mwenyewe.

VAA NGOZI YA MASHINE

Yasakwe vipi? Njia ya kwanza ni ya zamani kuliko Scratch yenyewe. Mwaka wa 1967 Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, pamoja na wenzake Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, waliunda lugha ya watoto iliyoitwa Logo. Baadaye lugha hiyo ilipata umaarufu kwa sababu ya kobe wake: mtoto alimwamuru kobe aende mbele na ageuke, naye akachora njia aliyopita. Mtoto alipokwama, Papert alimtaka ajifanye kobe, atembee sakafuni kwa miguu yake mwenyewe akifuata amri zilezile. Profesa Resnick alifanya kazi na Papert, na wazo hilo halikupotea.

Tuchukue mfano. Mwambie mtoto amfanye paka achore pembetatu yenye pande sawa. Katika Scratch kuna kalamu inayoweza kuongezwa kutoka sehemu ya nyongeza, nayo humwezesha mhusika kuacha mstari nyuma yake. Mtoto aliyesoma hesabu zake anajua kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ni digrii 60. Anaandika: rudia mara 3, nenda hatua 100, geuka digrii 60. Anabofya bendera. Badala ya pembetatu anapata kitu kama bakuli lililofudikizwa, mistari mitatu isiyokutana.

Hapo ndipo wengi huanza kubahatisha. Huweka 50, kisha 70, kisha 90. Huo ni mchezo wa pata potea. Mtoto mwenye mwongozo mzuri huinuka kitini. Hutembea hatua kadhaa kwenye sakafu ya sebule, husimama, kisha hugeuka digrii 60 kutoka alikokuwa akielekea. Papo hapo mwili wake unamwambia kuwa hakugeuka vya kutosha. Bado anatazama mbele, ilhali pembetatu inataka karibu arudi alikotoka. Pembe ya ndani ni 60, lakini mtembeaji hageuki kwa pembe ya ndani. Hugeuka kwa kile kinachosalia kufikia mstari ulionyooka, nacho ni 180 kutoa 60, yaani 120.

Akishaligundua hilo, milango mingi hufunguka. Anayezunguka umbo lolote la kawaida na kurudi alipoanza akiwa ametazama kulekule, amegeuka digrii 360 kwa jumla. Basi mraba ni 360 gawa kwa 4, umbo la pande sita ni 360 gawa kwa 6. Na lile bakuli lililofudikizwa? Lilikuwa nusu ya umbo la pande sita! Kosa lake halikuwa takataka. Lilikuwa jibu sahihi la swali jingine. Kwa wanafunzi wanaopenda changamoto, jaribuni nyota ya ncha tano: rudia mara 5, geuka digrii 144. Kisha jiulizeni kwa nini jumla yake ni 720, na mtembeaji huyo amezunguka mara ngapi.

EMBE MOJA, ALAMA 14

Mfano wa pili niliushuhudia kwa macho yangu nilipomtembelea dada yangu. Mwanawe, kijana wa Gredi ya 6, alikuwa akiunda mchezo wa kudaka maembe. Kikapu kiko chini ya jukwaa na huenda kushoto na kulia kwa vitufe vya mishale. Embe huanguka kutoka juu. Likidakwa, mchezaji apate alama moja. Likikosa kikapu na kufika chini kabisa, lirudi juu lianze upya.

Amri za embe zilikuwa zimefungwa ndani ya kipande cha kurudia bila kukoma. Shuka hatua 5. Ikiwa unagusa kikapu, ongeza alama 1. Ikiwa umefika chini kabisa, rudi juu. Ukizisoma haraka huoni kasoro. Lakini kijana alipodaka embe la kwanza, alama ziliruka kutoka 0 hadi 14.

"Kompyuta hii imeharibika," akasema.

Shemeji yangu, ambaye kazi yake ofisini ni ya kompyuta, aliangua kicheko na kuinuka. "Sogea nikuonyeshe. Iambie isubiri mpaka embe liache kugusa kikapu." Akanyosha mkono kuchukua kipanya. Dada yangu, anayeuza nguo na asiyejua kompyuta ila ya kutumia M-Pesa katika simu yake, akamzuia. "Mwache aweke mwenyewe, baba."

Kijana alikitia kipande hicho cha kusubiri, akajaribu. Alama iliongezeka moja tu, kweli, lakini embe likaganda palepale kwenye mdomo wa kikapu, lisishuke wala kupanda, hadi kikapu kiliposogezwa kando. Kulikoni? Amri ya kushuka na amri ya kusubiri zilikuwa katika mnyororo mmoja. Embe lililoambiwa lisubiri liache kugusa haliwezi kushuka, na lisiposhuka haliachi kugusa. Walikuwa wamelifungia embe nje ya nyumba na ufunguo umo ndani. Kijana akakiondoa kile kipande, na baba mtu akaketi akijikuna kichwa.

Ndipo mama akauliza swali ambalo mimi naliona lilikuwa na thamani kuliko karo ya darasa zima la likizo. "Mbona 14? Mbona si 10 wala 20?"

"Sijui, mama."

"Ukibadilisha kitu kimoja tu, hiyo 14 itabaki vilevile?"

Kijana alifikiri kidogo, kisha akabadilisha mwendo wa embe kutoka hatua 5 hadi hatua 10. Akadaka. Alama 7. Akatulia. Akaweka hatua 1. Embe likashuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi, na lilipoingia kikapuni alama zikapanda moja moja mbele ya macho yetu: 1, 2, 3, 4, zikaenda hadi 70.

"Mama!" akapiga kelele. "Inahesabu kila hatua! Embe linapita ndani ya kikapu, na kila linapopiga hatua bado linagusa!"

Naam. Hatua 5 mara 14 ni 70. Hatua 10 mara 7 ni 70. Hatua 1 mara 70 ni 70. Embe lilihitaji hatua 70 kukipita kikapu kutoka juu hadi chini. Scratch huzungusha amri zilizo ndani ya kurudia takriban mara 30 kwa sekunde, na katika kila mzunguko iliuliza swali lilelile: unagusa? Naam, nagusa. Ongeza moja. Mashine haikuharibika. Kijana alikusudia kusema "ukidakwa", lakini alichosema ni "ukiwa unagusa". Mbele ya mwalimu wa Kiswahili tofauti hiyo ni ya msamiati, lakini mbele ya kompyuta ni alama 13 za ziada.

Dawa aliipata mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Mara tu baada ya kuongeza alama, embe liruke juu ya jukwaa, mahali popote pa kubahatisha. Likishakuwa juu, haligusi tena. Embe moja, alama moja. Dakika chache baadaye aligundua kasoro nyingine: akianza mchezo upya, alama za mchezo uliopita zilikuwa bado zipo. Safari hii hakumwita mtu. Alisoma amri zake kutoka juu, akaona kwamba hakuna mahali popote alipoiambia kompyuta ianze na 0, akaiweka amri hiyo chini ya bendera ya kijani. Alifanya hivyo kwa muda mfupi kuliko mimi ninavyousimulia.

Tazama vizuri kilichotendeka pale. Baba alikuwa na ujuzi, akatoa jibu la haraka, na jibu hilo likaleta tatizo la pili. Mama hakuwa na ujuzi wowote, akauliza swali la kweli, na swali hilo likamfungulia mtoto njia. Sisemi ujuzi ni kitu kibaya, la hasha! Nasema tu kwamba mtoto aliyepewa jibu amepata mchezo wa maembe, lakini aliyeulizwa swali amepata silaha ya kukabili mchezo wowote utakaokuja.

KWA WANAFUNZI WAKUBWA

Ninyi wa sekondari msidhani kwamba Scratch ni ya watoto tu. Ina orodha za kuhifadhi vitu vingi, ina njia ya kuunda vipande vyako mwenyewe, na maswali ya fikira ni yaleyale mtakayokutana nayo katika lugha za maandishi.

Tuseme una orodha ya bei ya kilo moja ya nyanya katika masoko matano: 120, 90, 110, 85 na 100. Unataka programu itaje bei ya chini kabisa. Unatengeneza kisanduku cha kumbukumbu, unakiita "ya chini", unakipa 0 kwa kuanzia, kisha unapitia orodha: ikiwa bei hii ni ndogo kuliko "ya chini", iweke humo. Unabofya bendera na jibu linakuja: 0. Soko gani hilo linalogawa nyanya bure?

Usikimbilie kubadilisha vipande. Chukua karatasi na kalamu, chora jedwali la safu mbili, bei upande mmoja na kisanduku upande wa pili. Je, 120 ni ndogo kuliko 0? La. Kisanduku kinabaki 0. Je, 90 ni ndogo kuliko 0? La. Ukifika bei ya tatu utakuwa umeshaliona kosa. Hakuna bei iliyo chini ya 0, kwa hivyo ile 0 uliyoanza nayo haishindiki kamwe. Kisanduku kianze na bei ya kwanza katika orodha, yaani 120. Kisha kitakuwa 90, kitabaki 90, kitakuwa 85, na kitamalizia na 85.

Jedwali la karatasi ni jambo ambalo wengi hulidharau kwa sababu linaonekana la kishamba mbele ya mashine ya kisasa. Hata hivyo ni sawa na kule kutembea sakafuni kwa mtoto mdogo. Unavaa ngozi ya mashine, unafanya ilichoambiwa, neno kwa neno, bila kuongeza huruma wala busara yako.

KAZI YA MZAZI

Basi wewe mzazi ufanye nini mwanao anapokujia na malalamiko kwamba programu haifanyi kazi?

Kwanza, mikono yako iwe mbali na kipanya. Huu ndio mtihani mgumu kuliko yote, hasa kwa akina baba. Mtoto anayenyang'anywa kipanya hufahamu upesi kwamba hakuaminiwa.

Pili, mwambie akusomee amri zake kwa sauti, kutoka bendera hadi mwisho, kwa lugha mnayotumia nyumbani. Usishangae akinyamaza katikati na kusema, "Ala! Kumbe!" Mara nyingi jicho hupitia lililozoea, lakini ulimi hauwezi kusoma kisichokuwepo.

Tatu, muulize maswali mawili: ulitaka nini kitokee, na ni nini kilichotokea? "Haifanyi kazi" si jibu. "Nilitaka alama 1, nimepata 14" ni jibu, na limebeba nusu ya dawa.

Nne, abadilishe kitu kimoja kwa wakati, kisha ajaribu. Akibadilisha vitatu na programu ikapona, hatajua ni kipi kilichoiponya. Asiiharibu ile ya kwanza pia. Ahifadhi nakala yake kabla ya kuanza majaribio.

Tano, akichoka, mwache apumzike. Kuna watoto wanaolia wakikwama, wakaanza kusema kwamba wao ni wajinga. Neno hilo lisipite nyumbani kwako bila kujibiwa. Mkumbushe lile bakuli lililofudikizwa ambalo kumbe lilikuwa nusu ya umbo la pande sita. Aliyekosea bado ana kitu cha kuchunguza, ilhali asiyejaribu hana chochote.

Na kama unalipia darasa la likizo, usihukumu fedha zako kwa uzuri wa mchezo aliokuja nao. Keti naye kwa dakika 10. Mwonyeshe kipande kimoja na umuulize, "Tukikiondoa hiki, kutatokea nini?" Akutabirie kwanza, ndipo mkiondoe mwone. Akitabiri sawasawa, au akikosea kisha akaeleza sababu, karo yako haikupotea. Akisema hajui kwa sababu mwalimu ndiye aliyekiweka, nenda ukazungumze na mwalimu huyo kwa upole kabla ya kulipa tena.

VIFAA NA USALAMA

Wengi huuliza kama ni lazima kuwa na intaneti. Si lazima. Scratch inaweza kuwekwa ndani ya kompyuta na kutumika bila mtandao, na faili za kazi huhifadhiwa zikiwa na mwisho wa .sb3. Mtoto asiye na kompyuta nyumbani anaweza kufanya kazi yake saiba au kwenye maktaba, akaihifadhi katika flashi na kuendelea siku nyingine. Kompyuta ya zamani isidharauliwe mradi tu iweze kuendesha programu yenyewe. Simu ndogo ya mkononi haifai sana, kwa kuwa vipande havionekani vizuri katika skrini finyu.

Anayetumia mtandao atakuta kazi za watoto wengine wa duniani, na anaruhusiwa kuzifungua, kuona vipande vilivyomo na kutengeneza toleo lake. Hii ni shule kubwa, mradi asome kabla ya kubadilisha. Ila tahadhari ni ileile ya mitandao yote: asitumie jina lake kamili, asitaje shule wala mtaa wake, na mzazi ajue neno la siri la akaunti hiyo hadi mtoto atakapokomaa.

Tusitazamie kwamba kila mtoto anayecheza na vipande hivi atakuwa mhandisi wa kompyuta. Wengine watakuwa wauguzi, wengine mafundi, wengine watauza nguo kama dada yangu. Lakini hakuna kazi isiyokwama. Cherehani itakataa kushona, hesabu za duka hazitalingana, mgonjwa hatapata nafuu kwa dawa ya kwanza. Siku hiyo mwanao hatahitaji kukumbuka kipande cha buluu wala cha manjano. Atahitaji ile tabia ya kusimama, kujiuliza alitaka nini na amepata nini, kisha abadilishe kitu kimoja na kutazama. Tabia hiyo hainunuliwi, na hunyauka kila mara mtu mzima anapomnyang'anya mtoto kosa lake.

Kwa hivyo jioni ya leo, akikuita uje umtazamie embe lake linaloganda hewani, nenda. Vuta kiti, keti kando yake, fumbata mikono yako, kisha umuulize: "Hebu nisomee, umeiambia nini?"

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema pamoja na jamaa zenu.